Koti la Judo Lililoshonwa Katito

Fulana yangu ilipasuka Alhamisi moja jioni, ndani ya ukumbi wa kanisa mtaani Manyatta, Kisumu, mbele ya watu kumi na mmoja. Ilipasuka kuanzia shingoni mpaka karibu na kitovu. Msichana niliyekuwa nikifanya naye mazoezi alikuwa ameishika kifuani kwa mikono miwili, kama judo inavyotaka, akanivuta ili aniangushe, nami nikakataa kuanguka. Kilichokubali ni kitambaa. Msichana alibaki ameshika vipande viwili, macho yamemtoka, akirudiarudia, "Pole Mwalimu. Pole sana, Mwalimu."

Nilichukua leso yangu kwenye benchi, nikajifunga kifuani, nikakaa. Hakuna aliyecheka. Nafikiri wangecheka ningejisikia vizuri zaidi.

Wakati huo nilikuwa na miaka arobaini na mmoja, mwalimu wa hesabu katika shule ya msingi moja huko Nyamasaria, na nilikuwa na mwili mkubwa. Bado ninao. Ninasema hilo mapema kwa sababu habari hii yote inahusu mwili huo na nguo zilizoufunika.

Judo niliingia kwa bahati tu. Akina mama wa kanisa tulikuwa na mkutano jioni moja, mkutano ukaisha mapema, nami nikiwa natoka nikasikia vishindo kutoka ukumbi wa nyuma, kama mtu anashusha magunia ya mahindi kutoka kwenye lori. Nilichungulia dirishani. Watu walikuwa wanaangushana juu ya magodoro membamba yaliyofunikwa turubai, wanainuka, wanainamiana kwa heshima, wanaangushana tena. Aliyekuwa akiwafundisha alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini, ambaye baadaye nilijua kuwa kazi yake ya mchana ni uaskari jela. Aliniona.

"Mama, unatazama dirishani ama unaingia?" akaniuliza.

Niliingia. Juma lililofuata nilirudi. Kwa miezi miwili nilijifunza jambo moja tu, kuanguka. Kuanguka kinyumenyume, kuanguka kwa ubavu, kubingiria begani na kusimama. Mtu mzima wa kimo changu na uzito wangu haanguki kwa hiari, na jioni nilipojiangusha mwenyewe kwa mara ya kwanza bila kuogopa, nikapiga turubai kwa kiganja na kujikuta nimelala salama nikitazama mabati ya dari, nilitamani kumwambia mtu. Kocha alikuwa ameona. "Wengine hapa wanakula usiku na mchana wakitafuta uzito," akaniambia. "Wewe umekuja nao kutoka nyumbani. Sasa tutaufundisha kazi."

Hakuna mtu aliyewahi kuniambia kwamba uzito wangu unaweza kufundishwa kazi.

Tatizo lilikuwa nguo. Klabu ilikuwa na sanduku la sare za zamani walizopewa na wageni, makoti meupe mazito na suruali zake. Kubwa kuliko zote nilipoivaa, pande mbili za koti zilitazamana kwa mbali juu ya tumbo langu, wala hazikukutana. Ndiyo maana nilikuwa nafanya mazoezi na suruali ya michezo na fulana. Na ndiyo maana nilikuwa nimekaa kwenye benchi Alhamisi ile nikiwa nimefunga leso.

Kocha alikuja akakaa karibu nami mazoezi yalipokwisha. "Fulana si nguo ya judo, Mwalimu," akasema. "Mtu akikushika anashika nini? Anashika ngozi yako. Tena Desemba kuna mashindano ya kanda, hapahapa Kisumu. Nataka kukuandikisha."

"Mimi?"

"Wewe. Kuna daraja la wanawake wazito, na kila mwaka halina watu. Lakini huwezi kuingia na fulana. Watapima nguo kabla hawajakupima wewe."

Akanieleza kanuni. Upande mmoja wa koti lazima uvuke mwingine kwa upana wa kiganja kilichotanuliwa. Mikono ya koti ifike kwenye kifundo cha mkono, suruali ifike karibu na kifundo cha mguu, na zote ziwe pana kiasi cha mpinzani kupata pa kushika. Ndani, mwanamke avae fulana nyeupe. Nilizikariri kama jedwali la kuzidisha.

Jumamosi nilienda mjini, kwenye duka la vifaa vya michezo. Kijana aliyekuwa akiuza alinitazama kuanzia juu hadi chini, akanipa sare inayolingana na kimo changu. Haikufunga. Akaleta ya pili, ya tatu. Sare zile, akanieleza, zinapimwa kwa urefu wa mtu. Anayehitaji upana lazima anunue urefu pia. Iliyofunga tumboni ilikuwa imeshonewa mwanamume wa mita mbili. Mikono ilinipita vidole na kuning'inia. Suruali ilikuwa na kitambaa cha kutosha kufunika miguu yangu na kubaki sakafuni.

"Unapunguza tu, Mama," akasema kijana. "Fundi yeyote."

Niliinunua. Fundi wa karibu na nyumbani aliikata mikono na miguu kwa dakika ishirini, akanirudishia. Nikaivaa kwa mazoezi na kujuta. Kitambaa kilikuwa kigumu kama mkeka, na kukiosha hakukukilainisha. Ukosi ulinisugua shingo pande zote mbili hadi ikachubuka, na asubuhi darasani nilikuwa nafundisha sehemu na desimali nikiwa nimejifunga kitambaa shingoni kama mtu mwenye mafua. Mabega ya koti yalinishukia karibu na viwiko, kwa hiyo nilipoinua mikono, koti zima liliinuka, likanivuta chini ya kwapa na kunifunga. Suruali ilikuwa na mpira kiunoni ambao ulinikata tumbo. Pindo la fundi wangu lilifumuka siku ya tatu, nikalikanyaga, nikaanguka kifudifudi, aina ya pekee ya kuanguka ambayo Kocha hakuwa amenifundisha.

Niliacha kwenda. Nilimtumia Kocha ujumbe kwamba nasahihisha mitihani, na ulikuwa uongo, kwa sababu mitihani ilikuwa bado.

Baada ya majuma mawili alinijia shuleni wakati wa mapumziko, akiwa ndani ya sare yake ya kazi, kofia na buti. Watoto waliokuwa wakipiga kelele uwanjani walinyamaza wote na kunitazama mimi. Nilimvuta nyuma ya jengo la darasa la nne.

"Mitihani gani hii?" akauliza.

Nikamwonyesha shingo yangu. Aliitazama kwa muda, akaigusa kwa kidole kimoja.

"Judo unaiweza," akasema. "Hii ni kazi ya fundi. Fundi wa kweli. Unamjua nani?"

Nilikuwa namjua mmoja tu wa kiwango hicho, naye alikuwa mama yangu.

Mama yangu alishona nguo kule kwetu Katito kwa miaka mingi kuliko niliyoishi. Alikuwa na cherehani yake ya miguu kwenye baraza la duka moja barabarani, na kutoka hapo zilitoka sare za shule za nusu ya Nyakach, majoho ya kwaya, magauni ya harusi na nguo za kuzikia. Alipozeeka cherehani ilihamia nyumbani na wateja wakaifuata. Nguo zangu zote za utotoni alizishona yeye. Nilipofika miaka kumi na miwili, mwili wangu ukaanza kutangulia umri wangu, na kuanzia hapo kila gauni alilonishonea lilikuwa la rangi nzito, pana, refu, lenye mikono mpaka viganjani. Alikuwa akinivalisha, anarudi hatua mbili, anasema kwa Dholuo, "Vizuri. Hili linakuficha." Alisema kwa upendo. Wasichana wa miili kama yangu walisumbuliwa sana sokoni, naye alijua. Lakini nilikua nikiamini kwamba hiyo ndiyo kazi ya nguo kwa mtu kama mimi, na hata nilipoanza kujinunulia mwenyewe niliendelea kuchagua za kunificha.

Sikuwa nimemwambia neno kuhusu judo.

"Tafuta kitambaa kwanza," akasema Kocha. "Mengine ni baadaye."

Jumapili baada ya kanisa tulienda naye soko la Kibuye, upande wa mitumba. Kocha hakutazama rangi wala bei. Alipita kwenye marundo ya mashuka na mapazia akifinya kila kitu kati ya kidole gumba na cha shahada, macho amefumba nusu, kama mtu anayechagua mchele. Tulizunguka karibu saa nzima. Halafu akasimama mbele ya mwanamke aliyeuza mablanketi, akavuta kutoka chini kabisa kitandiko cheupe, kikubwa, kizito, cha pamba tupu.

"Shika hapa," akaniambia. Nikashika. Kitambaa kilikuwa kimefumwa kwa vijipunje vidogo vilivyojipanga, laini kwa kuoshwa mara nyingi lakini kizito mkononi. "Makoti mazuri ya judo yamefumwa hivi. Punje punje. Jasho linaingia kwa punje, halikai kwa ngozi."

Mwenye mali alitutahadharisha kwamba kile kilikuwa cha kitanda cha watu wa nchi za baridi, na Kisumu tungepikika ndani yake. Kocha akanipa ncha moja. Akashika ya pili, akaweka mguu mmoja nyuma, akavuta. Nami nikavuta. Tulivutana katikati ya soko kwa nguvu zetu zote, wanawake wawili wenye nguo za kanisa, mpaka watu wakasimama.

"Mnanunua ama mnanirarulia?" akauliza mwenye mali.

Hakikuraruka. Tukakinunua.

Jumamosi iliyofuata nilishuka Katito na mfuko mkubwa. Ndani yake kulikuwa na kitandiko, sare ile mbovu, na maneno niliyokuwa nimeyapanga tangu Nyamasaria. Nilimkuta mama anachambua mboga mlangoni. Tulisalimiana, tukanywa chai, tukaulizana habari za watu wote. Nilipoishiwa na watu wa kuuliza nikatoa sare na kuiweka mapajani mwake.

"Hii ni ya nani?"

"Yangu."

"Ya kazi gani?"

Nikamweleza. Nilimweleza yote, magodoro, turubai, Kocha, kushikana na kuangushana. Alinisikiliza bila kuinua uso kutoka kwenye lile koti.

"Unalipwa?" akauliza.

"Hapana, Mama."

"Unapigwa?"

"Hakuna kupiga. Naangushwa. Na mimi naangusha."

"Watu wazima?"

"Watu wazima."

Nilingoja aniambie kwamba mwalimu, mama mtu mzima, haendi kugaagaa chini na suruali mbele ya watu. Badala yake alitafuta miwani yake, akaigeuza sare ndani nje, akachukua wembe na kuufumua mshono wa kwapa kidogo ili aone ndani. Akatikisa kichwa.

"Aliyeshona hii alimpima mti," akasema. "Mti hauinui mikono. Simama nikupime."

Nilisimama. Alianza kunipima kama alivyonipima maisha yangu yote, wima, mikono chini, kimya. Nikamwambia, "Mama, usinipime hivyo. Ndani ya hii nguo sitasimama hivyo hata mara moja." Nikainua mikono. Nikachuchumaa. Nikasogeza mikono mbele kama nimemshika mtu, naye akapitisha futi yake mgongoni kutoka bega hadi bega, akasoma, akaniambia nishushe mikono, akasoma tena.

"Mgongo wako unaongezeka karibu kiganja kizima ukinyoosha mikono," akasema, kama mtu aliyegundua kitu ndani ya nyumba yake mwenyewe. Akaandika namba zote mbili kwenye kipande cha boksi.

Alipomaliza akaweka penseli chini. "Sasa nionyeshe unavyoanguka."

Tulienda kwenye nyasi nyuma ya nyumba. Nilikuwa na suruali ya michezo ndani ya sketi, nikaitoa sketi. Nikajiangusha kinyumenyume, nikapiga ardhi kwa mikono. Mama alishtuka, akashika kifua. Nikasimama mzima. "Tena," akasema, na mara hii alichutama kando yangu akitazama nguo inavutika wapi, magotini, kiunoni, chini ya mikono. Nilianguka kwa ubavu. Nilibingiria begani. Jirani yetu, aliyekuwa anaanika nguo upande wa pili wa ua, akaita kuuliza kuna nini.

"Tunapima nguo," mama akamjibu.

Nilianguka mara sita au saba. Mara za mwisho hakuwa tena anaangalia mishono. Alikuwa amekaa chini kwenye nyasi, miguu ameinyoosha, ananitazama mimi.

"Ulikuwa unabingiria hivyo ulipokuwa mdogo," akasema. "Kutoka pale juu mpaka kwenye zizi. Mimi ndiye niliyekukataza."

Nilibaki nimekaa mbele yake nahema, majani yamenishika kichwani. Akanyoosha mkono nimwinue.

"Lete hicho kitambaa," akasema.

Hakukikata siku ile. Alikiloweka kwenye maji ya moto, akakianika juani, akakiloweka tena na kukianika tena, ili kama kina nia ya kupungua kipungue kabla ya mkasi. Alipoanza kukata aliniita. Mabega aliyakata yakae juu ya mabega yangu, si kwenye viwiko. Chini ya kila kwapa aliweka kipande cha pembe nne, cha ziada, ili mkono upande juu bila kulibeba koti. Kati ya miguu ya suruali aliweka kipande kingine kama hicho. Mpira wa kiunoni hakutaka hata kuusikia. Aliweka kamba pana ya pamba, akaipitisha ndani ya pindo, fundo likae kando badala ya katikati ya tumbo. Magoti aliyafanya ya tabaka mbili.

Ukosi ulimchukua muda zaidi. Nilimweleza kwamba hapo ndipo mpinzani anaposhika, kwa hiyo lazima uwe mnene.

"Anashika vipi? Nionyeshe."

Nikamshika mama yangu, mkono mmoja ukosini, mwingine kwenye mkono wa gauni lake, pale karibu na kiwiko. Alikuwa mwepesi sana. Alijitazama nilivyomshika, kisha naye akanishika hivyohivyo, ukosi na mkono, akavuta kidogo, akasukuma kidogo, akiwaza. Tulisimama hivyo katikati ya chumba, na hakuna aliyekuwa na haraka ya kuachia. Mwishowe akasema ukosi utakuwa wa tabaka nne za pamba ya marekani ya zamani iliyokwisha kulainika, zimeshonwa pamoja kwa mistari ya karibukaribu, na ule upande unaogusa shingo atautia kitambaa cha shuka kuukuu. "Mnene kwake, laini kwako," akasema.

Koti la kwanza halikuwa sawa, na ni haki nilitaje hilo. Kifua kilikaa vizuri, mikono ilikaa vizuri, lakini nilipoinama na kuzungusha kiuno, pale nyongani lilinibana na kunizuia nusu ya njia. Mpasuo wa pembeni ulikuwa mfupi. Nilimwambia, nikiogopa kidogo, kwa sababu mama hakuzoea kuambiwa kazi yake ina kasoro.

Alichukua wembe bila kubishana. Akaupandisha mpasuo, pande zote mbili, akanitaka nizunguke, akaupandisha tena.

"Nilikuwa naona aibu kuufungua sana," akasema, uzi mdomoni. "Nikasahau ni nguo ya nini."

Siku niliyoivaa mazoezini kwa mara ya kwanza ilikuwa na joto lile la kabla ya mvua, hewa imesimama. Niliifunga mkanda. Upande wa kushoto wa koti ulivuka wa kulia na kuendelea mpaka ubavuni, tena kwa ziada. Niliinua mikono juu ya kichwa na koti likabaki palepale kiunoni. Nilichuchumaa mpaka chini na hakuna kitu kilichonikata. Kisha mazoezi yakaanza, na baada ya nusu saa nilitambua kwamba nilikuwa nimesahau nimevaa nini. Kwa mwanamke ambaye tangu miaka kumi na miwili hajawahi kusahau nguo yake hata dakika tano, kuvuta hapa, kushusha pale, kukunja mikono juu ya tumbo akikaa, nashindwa kueleza lilikuwa jambo kubwa kiasi gani.

Msichana aliyenipasulia fulana alikuja tushikane. Alishika ukosi kwa uangalifu, kama mtu aliyeungua mara moja.

"Shika vizuri," nikamwambia. "Haipasuki."

Akashika, akavuta kwa nguvu zake zote. Nilienda na mvuto wake kama nilivyofundishwa, nikageuka, nikaingiza kiuno changu chini ya chake, na kiuno kile nilichokifunika kwa masweta maisha yangu yote kikamnyanyua kutoka chini kama mtoto. Alipiga turubai kishindo cha ajabu. Alipoinuka alikuwa anacheka. Kocha, kutoka ng'ambo ya ukumbi, alisema neno moja tu, "Rudia."

Nilirudia kwa majuma saba.

Mashindano yalifanyika ukumbi mmoja mjini, shule zikiwa zimefungwa. Mama alikuja kutoka Katito asubuhi, na gauni lake la kanisa na mkoba wenye sindano, uzi na mkasi, kwa tahadhari. Kabla ya pambano kila mmoja alipita kwenye meza ya ukaguzi. Mkaguzi alikuwa mzee nadhifu mwenye miwani minene. Alivuta koti langu mbele, akapima linavyovukana. Akapima mikono, akaingiza kifaa chake cha mbao ndani ya mkono wa koti kuona upana. Akapima suruali. Kisha akasimama, akaanza kuufinya ukosi kwa vidole, taratibu, akifuata mistari ya mshono. Hakukuwa na lebo yoyote. Niliona Kocha ameacha kutafuna karanga zake.

"Hii ilitoka nje?" mkaguzi akauliza.

"Ilitoka Katito," nikasema.

Alinitazama juu ya miwani yake. "Nani alishona?"

Nikamwonyesha mama, aliyekuwa amekaa safu ya mbele, mkoba mapajani. Mkaguzi aliinamisha kichwa kumwelekea, vile wanajudo wanavyosalimiana, akaniambia, "Pita."

Tulikuwa wanawake watatu katika daraja letu, kwa hiyo kila mmoja alipaswa kupambana na wenzake wawili. Wa kwanza wangu alikuwa mwanamke wa rika langu kutoka upande wa Kakamega, mwenye mikono migumu. Tulisukumana muda mrefu kama watu wanaohamisha kabati. Akajaribu kuninasa mguu, akakosa, akaanguka, nami nikaanguka juu yake na kumkumbatia kwa kifua, kama Kocha alivyonionyesha, uzito wote umetulia. Kumzuia mtu chini sekunde ishirini ni ushindi kamili. Alihangaika, akasukuma, akavuta koti langu kila upande, na kitandiko cha Kibuye hakikusema kitu. Nilisikia mwamuzi akitangaza.

Wa pili alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, mrefu, umri wa kuwa binti yangu, mwenye mkanda wa juu kuliko wangu, naye pia alikuwa ameshinda pambano lake. Alikuwa ananiogopesha na nadhani alijua. Alinishika ukosi juu, karibu na shingo, akanizungusha mara mbili kama mtu anayegeuza punda. Mara ya pili niliteleza kwa goti na akapata alama. Nikasimama, nikafunga mkanda. Nilimwona Kocha ameketi, viganja magotini. Sikumtazama mama.

Mwamuzi akatuanzisha tena. Msichana akaja na mkono uleule juu, kwa haraka, akijiamini, na alipovuta nilijua ule mvuto. Nilikuwa nimeungoja kila Jumanne na Alhamisi. Nikaufuata. Mkono wangu ukapita nyuma ya mgongo wake bila koti kunivuta kwapani, nikageuka na nyonga ikazunguka yote bila kubanwa, magoti yakakunjika, yakanyooka. Alipanda juu ya kiuno changu, mrefu wote ule, akapita hewani, akatua chali mbele yangu katikati ya mkeka.

Ukumbi ulilipuka kwa shangwe. Mwamuzi aliinua mkono wake wima, ishara ya ushindi kamili. Nilimpa msichana mkono nikamwinua, tukainamiana, naye akanong'ona, "Mwalimu, hiyo ilikuwa safi." Sijui alijuaje kwamba mimi ni mwalimu. Labda tunajulikana tu.

Walinivisha medali. Kocha, askari jela, mwanamke ambaye sijawahi kumwona akitabasamu kwa meno, aliingia nyuma ya nguzo na kukaa huko kwa muda, akatoka amefuta uso. Mama hakulia. Alinivuta kando, akanigeuza, akakagua kila mshono kwa vidole, kwapani, mabegani, magotini. Hakuna uzi uliotoka. Akafunga mkoba wake.

Kocha alisema tule samaki. Tulienda kwenye vibanda vya kando ya ziwa, sisi watatu, na mimi sikubadilisha nguo. Nguo zangu za kawaida zilikuwa kwenye mfuko, sketi ya bluu nzito na blauzi pana, nami nikaziacha humo. Nilipita katikati ya meza za watu mchana kweupe nikiwa na suruali nyeupe, koti jeupe, mkanda kiunoni na medali kifuani, mikono nimeiachia huru pembeni, na waliotaka kutazama walitazama. Upepo wa ziwa uliingia kwenye mipasuo ya pembeni na kutokea shingoni.

Mwanamke aliyetuletea samaki aliweka sinia mezani, akasimama, akanitazama vizuri.

"Samahani Mama," akaniuliza kwa adabu, "hiyo ni nguo ya kanisa gani?"

Kabla sijafungua mdomo, mama yangu alijibu.

"Ni nguo ya judo," akasema. "Huyu ni binti yangu, amewaangusha wote leo. Na nguo nimeshona mimi."

Kisha akavuta sahani ya ugali karibu yake, akamega, akaanza kula.